Usanifu wa hoteli ya huduma kamili (Songea)

Usanifu wa hoteli ya huduma kamili katika Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma, ni ubunifu wa jengo linalounganisha malazi, mgahawa, baa, ukumbi, dobi na maegesho chini ya uongozi mmoja. Gesti hulaza tu; hoteli ya namna hii huhitaji pia njia za wafanyakazi, stoo na jiko kubwa.

Hali ya hewa na jua

Songea ipo takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mvua hunyesha Novemba hadi Aprili, na baridi ya Juni hadi Agosti huuma hasa. Kwa hiyo mchoro uliobuniwa kwa joto la Dar es Salaam, wenye vioo vingi na viyoyozi, haufai hapa. Kinachohitajika ni kuta nene, maji ya moto ya uhakika, mapaa yenye mwinuko na baraza pana. Jua la adhuhuri hufika utosini Oktoba na Februari. Kati ya miezi hiyo hukaa kusini, na mwaka uliobaki kaskazini. Jengo refu lililolazwa mashariki–magharibi huepusha vyumba vingi na jua kali la jioni.

Tofali za kuchoma

Mfano bora wa ujenzi upo Peramiho, kama kilomita 24 magharibi mwa mji. Watawa Wabenediktini walifungua misheni hapo mwaka 1898. Ikachomwa katika Vita vya Majimaji mwaka 1905, kisha ikajengwa upya. Kanisa kubwa la abasia lilijengwa kati ya 1943 na 1948 kwa tofali za kuchoma, na bado linasimama imara na kwa fahari. Ukuta mnene wa tofali hupokea joto mchana na kulitoa polepole usiku, sifa yenye thamani kubwa kwa chumba cha mgeni mwezi Julai. Zege hubaki muhimu kwa nguzo, linta na sakafu za ghorofa.

Mpangilio

Ukumbi huwekwa chini, ukiwa na lango na vyoo vyake, ili wageni wa harusi na kipaimara wasipite kwenye korido za waliolala. Jiko hukaa kati ya ukumbi na mgahawa. Magari ya mizigo huingilia nyuma. Matangi ya akiba na jenereta hupangwa tangu mwanzo, ingawa njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako imepunguza sana utegemezi wa dizeli.

Mfano wa awali

Hoteli ya Kilimanjaro, Dar es Salaam, iliyofunguliwa mwaka 1965, ndiyo kielelezo mashuhuri cha usanifu wa hoteli baada ya uhuru: zege, mistari iliyonyooka, na vyumba vinavyotazama bandari.

Sheria

Michoro huandaliwa na mbunifu majengo aliyesajiliwa, na kibali hutolewa na halmashauri. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inadai majengo ya umma yafikike, jambo linalogusa ngazi, milango na vyoo.

Hali ya sasa

Barabara ya lami kupitia Mbinga hadi Mbamba Bay imeiweka Songea kwenye njia ya wasafiri wa Ziwa Nyasa. Kumbukizi ya mashujaa wa Majimaji huleta wageni kila Februari.