Kazi ya mwanamke, kazi ya mwanaume: ni nani aliyezigawa?

Katika Butembo na Beni, mtoto akizaliwa kwa Wanande, jina lake peke yake linaonyesha kama ni mvulana ao msichana. Kambale na Kasereka ni wanaume, Masika na Kavira ni wanawake. Mwili, mtu anazaliwa nao. Lakini nyuma ya jina kunafuata mambo mengi ambayo mwili haukuyaleta: nani atapika, nani atasoma mbele, nani atarithi shamba, nani atasema kwenye mkutano. Hayo ndiyo yanaitwa jenda: kazi, haki na heshima ambazo jamii inagawia mwanaume na mwanamke.

Mfano uko barabarani. Mama anatoka shambani na mzigo wa muhogo mgongoni, kamba ikishikilia kwenye paji la uso. Baba anapitisha mzigo wake kwa tshukudu ao kwa pikipiki. Wote wawili wanabeba. Lakini mara nyingi mzigo wa mama unahesabiwa kuwa shuguli ya nyumba, na ule wa baba ndio unaitwa kazi na kulipwa.

Boyi na sufuria

Watu wengi wanasema kama mgawanyo huu ni wa tangu zamani na hauwezi kubadilika. Historia ya Kongo inaonyesha kitu kingine. Wakati wa ukoloni wa Ubeleji, kuanzia 1908 mpaka 1960, mwenye kupika, kufua na kupiga pasi katika nyumba za Wazungu alikuwa mara nyingi mwanaume Mkongomani. Aliitwa « boyi », neno la Kiingereza lenye maana ya mtoto mwanaume, hata kama alikuwa baba wa watoto na mvi kichwani. Jioni alirudi kwake, na pale sufuria ilikuwa tena kazi ya bibi yake. Sufuria ni ile ile. Kilichobadilika ni rangi ya mwenye nyumba, na franka.

Hata cheo cha mwanamke kilibadilika kufuata rangi. Wanawake wa Ubeleji walipata haki ya kuchagua wabunge katika 1948 tu, nyuma ya wanaume wao. Lakini huku Kongo, mwanamke Mzungu alituma mwanaume mweusi mzima sawa vile mtoto.

Mwanamke mweusi alikuwa chini ya wote wawili. Katika masomo, Kifaransa chenye kufungua mlango wa ofisi kilipewa zaidi wavulana. Wasichana walifundishwa zaidi kushona, usafi na kazi za nyumba. Kisha vita ya pili ya dunia, nyumba za mafunzo zenye ziliitwa « foyer social » ziliongezeka mijini, kwa kufundisha bibi za makarani namna ya kuwa mama wa nyumba kama vile Wabeleji walivyomuwaza. Mwezi wa tano 1960, wakati wa uchaguzi wa kwanza wa bunge, ni wanaume tu walipiga kura. Wanawake wa Kongo walingojea mpaka 1967.

Katika 1989, mwalimu wa sheria wa Marekani, Kimberlé Crenshaw, mwanamke mweusi, alilipa jambo hili jina. Alieleza kama jinsia na rangi ni sawa na barabara mbili zenye kukutana: mwenye kusimama kwenye njiapanda anaweza kugongwa kutoka pande zote mbili.

Kongo inajua mfano mmoja mchungu. Watoto waliozaliwa na mama mweusi na baba Mzungu walinyanganywa mama zao na Leta ya kikoloni na kuwekwa kwenye misioni. Tarehe 2 mwezi wa 12 mwaka 2024, korti ya rufaa ya Bruxelles iliamua kama Ubeleji ilifanya kosa juu ya ubinadamu, kufuatana na mashtaka ya wanawake watano waliopelekwa Katende, katika Kasai, walipokuwa wangali wadogo. Mama zao hawakuwa na neno la kusema, juu walikuwa wanawake na juu walikuwa weusi.

« Ni mila yetu »: kweli?

Katika 1987, Zaire ilitoa Kodi ya Familia. Iliandika kama bwana ni mkubwa wa nyumba, anapaswa kulinda bibi yake, na bibi anapaswa kumtii. Bibi alipaswa pia kupata ruhusa ya bwana kabla ya kuweka sahihi kwenye mkataba wa kazi yake mwenyewe. Wengi walitetea hayo sawa vile mila ya babu. Lakini maneno ya ulinzi na utii yanafanana karibu neno kwa neno na sheria ya Napoléon ya mwaka 1804, yenye ilitoka Ufaransa ikapita Ubeleji.

Sheria ya tarehe 15 mwezi wa 7 mwaka 2016 ilitosha ruhusa ile ya bwana. Leo, bibi na bwana wanaombwa wasikilizane, kila mmoja kwa mwenzake. Bwana amebaki mkubwa wa nyumba katika maandiko, na mjadala juu ya hapo haujaisha.

Kwa mama wa Kimemi mwenye anatafuta kazi ao mkopo wa kupanua biashara, hii si maneno ya semina. Akiambiwa alete ruhusa ya bwana juu tu yeye ni mwanamke, anaombwa kitu ambacho sheria ilifuta. Anaweza kuuliza kwa heshima: bwana yangu naye, mngemuomba ruhusa yangu?