Kwa nini tenki tupu hutuma miliampia 4? Hadithi ya waya mbili

Ukifungua bomba Mwanza, maji unayokinga yalianza safari yake ziwani. Yanavutwa pale Capripoint, na siku hizi Butimba pia, yanasafishwa, kisha pampu zinayapandisha hadi kwenye matenki yaliyoko vilimani. Hebu jiulize: pampu iko chini ufukweni, tenki liko juu ya mawe. Chumba cha udhibiti kinajuaje kwamba tenki limejaa?

Njia ya kwanza ilikuwa mtu: apande, achungulie, atoe taarifa. Viwandani, kabla ya elektroniki, kazi hiyo ilikuja kufanywa na hewa. Kipimo kilisukuma hewa kwenye bomba jembamba: presha ya psi 3 maana yake tupu, psi 15 maana yake limejaa. Mbona hawakuanzia sifuri? Kwa sababu presha ikishuka hadi sifuri, basi bomba limepasuka au mashine ya hewa imezimika. Mafundi waliita mpango huo "sifuri hai".

Tatizo la hewa ni uvivu. Bomba likiwa refu, ujumbe unachelewa. Transista ilipovumbuliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, Marekani, mlango ulifunguka. Kuanzia miaka ya 1950 viwanda vilianza kutuma vipimo kwa umeme, na baada ya viwango kadhaa kushindana, kilichoshinda ni mkondo wa miliampia 4 hadi 20.

Kwa nini mkondo, siyo volti? Volti hupungua njiani kwa sababu waya wenyewe una ukinzani. Lakini kwenye saketi ya mzunguko mmoja, mkondo ni uleule kila mahali: unaotoka kilimani ndio unaofika ufukweni, waya uwe wa mita 10 au kilomita 2. Kule kituoni unapitishwa kwenye rezista ya ohm 250. Kumbuka kanuni ya Ohm ya sekondari: miliampia 4 zinatoa volti 1, miliampia 20 zinatoa volti 5. Tenki likiwa nusu ni miliampia 12, yaani volti 3.

Volti hiyo inalinganishwa na ile tunayoitaka, na tofauti yake ndiyo "kosa". Saketi inakuza kosa, inalijumlisha kadiri muda unavyokwenda kwa kutumia kapasita, na inapima linabadilika kwa kasi gani. Hesabu hizo tatu alizieleza Nicolas Minorsky mwaka 1922, baada ya kuwatazama mabaharia wakishika usukani wa meli. Jibu linalotoka ndilo linaloamua vali ifunguke kiasi gani au pampu ikimbie vipi. Kompyuta za viwandani zilizokuja baada ya 1968 zimechukua hesabu hizo, lakini waya mbili bado zipo sehemu nyingi.

Sasa turudi kwenye zile miliampia 4. Kwanza, zinatosha kukiendesha kipimo chenyewe, hivyo kilimani hakihitajiki umeme mwingine. Pili, na hili ndilo kubwa: ukanda wa Ziwa Victoria una radi nyingi mno. Tuseme radi imekata waya. Kama sifuri ingemaanisha "tupu", mtambo ungeendelea kusukuma maji kwenye tenki lililojaa. Maji yaliyokwisha tiwa dawa yangemwagika mlimani huku mtaa mwingine ukisubiri mgao. Lakini kwa sifuri hai, mkondo ukipotea kabisa kengele inalia na fundi anatumwa. Mtambo umetofautisha "hakuna maji" na "sina habari". Hata sisi watafiti, kwenye majedwali yetu ya data, mara nyingi tunaandika 0 kwa yote mawili!

Zoezi la kuondoka nalo: kipimo kinasoma miliampia 8. Tenki limejaa asilimia ngapi? Ukisema 40, umesahau sifuri hai. Toa 4 kwanza, kisha gawa kwa 16: ni robo tu.