Askari wa Risasi: Vijisanamu vya Vita na Mpagazi Aliyesahauliwa

Kiswahili kina neno moja kwa vitu viwili. Risasi ni madini laini na mazito yanayoyeyuka upesi motoni. Risasi pia ni kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki kikaua. Kwa muda wa karne nzima mambo hayo mawili yalikutana katika kitu cha tatu, nacho ni askari mdogo wa kuchezea, aliyemiminwa kwa risasi ili afe kwa risasi za kubuni. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ya London ilianza kuuza askari wenye uwazi ndani: risasi iliyoyeyushwa ilitiwa katika kalibu, ikaachwa igande ukutani, kisha iliyobaki ikamwagwa. Askari akawa mwepesi, bei yake ikashuka, na majeshi mazima yakaingia katika nyumba za watu wa kawaida. Miaka hiyo ilikuwa pia miaka ya kugawana Afrika Mashariki: Zanzibar ilikuwa imewekwa chini ya himaya ya Uingereza mwaka 1890, na mwaka uliofuata serikali ya Ujerumani ikaichukua Mrima na bara yake kuwa koloni rasmi. Dola ilipokuwa ikipanuka huko nje, ilikuwa ikipangwa pia juu ya zulia la sebuleni.

Mwandishi H. G. Wells alizipa vita hizo za zuliani kanuni. Kitabu chake cha mwaka 1913, *Little Wars*, kilieleza namna ya kuwaongoza askari wa Britain kwa zamu, kupima mwendo wao, na kuwaangusha kwa mzinga wa kuchezea uliorusha vijiti. Wells hakuwa mpenda vita. Alitumaini kwamba anayecheza vita vidogo angetambua upumbavu wa vita vikubwa. Mwaka mmoja baadaye vita vikubwa vilianza, na moto wake ukafika Tanga.

Michezo ya vita ya mezani, kama inavyochezwa leo Uingereza na Marekani, ni mjukuu wa mchezo huo. Sehemu yake inayohusu vita vya kikoloni ilipata nguvu mpya kutokana na filamu *Zulu* ya mwaka 1964, na kutokana na kanuni za Larry Brom, *The Sword and the Flame*, zilizotoka mwaka 1979, miaka 100 baada ya jeshi la Wazulu kuwashinda Waingereza Isandlwana. Vijisanamu navyo vilibadilika. Askari mwenye uwazi wa milimita 54 aliachiwa nafasi na kijisanamu cha milimita 28 kisicho na uwazi, na tangu miaka ya 1990 watengenezaji wengi waliiacha risasi kwa sababu ya sumu yake, wakatumia mchanganyiko wa madini ulio na bati kwa wingi. Kampuni ya Foundry, iliyokulia katika eneo la Nottingham, iliuza mkusanyo wa vijisanamu vya Afrika ya karne ya 19 vilivyochongwa na Mark Copplestone: ndani yake wamo askari, rugaruga, na Waarabu wa Unguja waliovaa kanzu na vilemba. Kampuni nyingine zikaongeza vita vya 1914 hadi 1918: askari wa Wadachi, wa King's African Rifles, na wa jeshi la Kihindi. Hivyo mzawa wa Tanga au Tabora anayeishi Uingereza anaweza leo kumnunua babu wa babu yake katika kifurushi, akiwa hana rangi.

Rangi hutiwa na mnunuzi mwenyewe, na hapo ndipo kazi inapogeuka kuwa aina ya uandishi wa historia. Kijisanamu hutoka kalibuni kikiwa na mistari myembamba pale vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Mpakaji huikwangua kwa kisu na kuilainisha kwa tupa. Hukiosha kwa maji ya sabuni, hukigandisha juu ya kizibo cha chupa ili vidole visiiguse rangi, kisha hukipulizia rangi ya kwanza, nyeusi, nyeupe au ya kijivu. Baada ya hapo hufuata tabaka. Wengi hutumia njia ya rangi tatu iliyoenezwa na mpakaji Kevin Dallimore: ya kwanza nyeusinyeusi kwa vivuli vya mikunjo, ya pili kwa nguo yenyewe, ya tatu nyepesi kwa sehemu zinazopigwa na mwanga. Wengine huzimua rangi kwa maji ikatiririka yenyewe hadi kwenye mikunjo. Mwisho huja vanishi, kwa kuwa askari wa mezani hushikwashikwa.

Mpakaji makini hasomi kidogo. Anajua kwamba askari wa Kidachi wa mwaka 1914 alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki chenye kipande cha kukinga shingo, na kwamba vitambaa alivyozungushia miguu vilikuwa vya buluu. Anajua kwamba kampuni nyingi za jeshi hilo bado zilitumia bunduki za mtindo wa 1871, ambazo baruti yake ilitoa moshi mzito uliomfichua mpigaji. Anabishana na wenzake kuhusu kaki, neno lililotoka Kiajemi kwa njia ya Kihindustani, likiwa na maana ya kitu chenye rangi ya vumbi. Ndani ya sanduku lake kaki si moja, zipo za manjano, za kijani na za kahawia. Anaweza hata kujua kwamba usahihi huo wa sare una mwisho wake. Jeshi la Lettow-Vorbeck lilipovuka Ruvuma Novemba 1917 na kuiteka ngome ya Wareno ya Ngomano, lilivaa, likala na kupiga kwa vitu vya adui. Askari wa 1918 aliyepakwa kwa mujibu wa kanuni za 1914 ni nadhifu kupita kiasi.

Ngozi ni mtihani mwingine. Kampuni ya Humbrol ya Uingereza iliuza kwa miaka mingi rangi nambari 61 kwa jina linalomaanisha nyama ya mwili, na rangi hiyo ilikuwa ya waridi iliyopauka. Jina hilo lilimwambia mtoto mwili wa kawaida ni upi. Aliyetaka kumpaka Mwafrika ilimbidi achanganye mwenyewe, na wengi walichanganya kahawia moja wakaipaka kikosi kizima. Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba baina ya mweusi tii na maji ya kunde kuna ngazi nyingi, na jeshi lililokusanya Wasudani, Wanyamwezi, Wasukuma na Wamanyema lilikuwa nazo zote. Wapakaji wa leo wamelirekebisha jambo hili kwa kiasi kikubwa; makopo ya rangi za ngozi nyeusi sasa ni mengi, na walio hodari huanza na wekundu au buluu chini ya kahawia ili uso uwe na uhai.

Kisha huja kitako, yaani kibao kidogo anachosimamishwa kijisanamu. Mpakaji hukipaka gundi nyeupe, hukichovya katika mchanga, hukipaka kahawia, hupitisha juu yake brashi iliyo karibu kukauka yenye rangi ya mchanga, kisha hubandika vichaka vya nyasi za bandia. Kitako ndicho kinachosema askari huyu yuko wapi. Na kwa kawaida Afrika ya kitakoni ni moja tu: vumbi na nyasi kavu za manjano. Lakini vita vya Tanga vya Novemba 1914 vilipiganwa baina ya minazi na mashamba ya walowezi, penye kijani tupu. Mwanzoni mwa 1917 bonde la Rufiji lilifurika kwa mvua hata majeshi yakakwama majini. Mahiwa, Oktoba mwaka huohuo, watu waliuana katika vichaka vya bara ya Lindi. Kwa hiyo kitako kimoja cha manjano kinazifuta jiografia tatu, na pamoja nazo matope, homa na njaa, ambavyo viliua wengi kuliko bunduki.

Lakini upungufu mkubwa zaidi haumo katika rangi wala katika mchanga. Umo katika hesabu ya vitako. Mwenye kufungua sanduku la mchezaji wa vita vya Afrika Mashariki atamkuta askari, ofisa wa Kizungu, bombomu na watu wake, pengine mzinga. Mpagazi, akiwemo, huwa mmoja au wawili, wamewekwa kama alama ya kuonyesha kwamba kikosi kina mizigo. Katika kanuni nyingi hana thamani ya kupigana, basi hapewi uzito wowote.

Vita vyenyewe vilikuwa kinyume cha hapo. Upande wa Waingereza peke yao ulitumia wapagazi wanaokadiriwa kufikia milioni moja. Katika wale walioandikishwa Kenya ya leo, wengi wao kwa nguvu, hasa katika msako mkubwa wa 1917, zaidi ya 40,000 walikufa. Kwa upande wote wa Waingereza, wanahistoria, miongoni mwao Geoffrey Hodges, huitaja jumla inayokaribia au kupita 100,000. Waliuawa na kuhara damu, malaria na kichomi, na unga wa mahindi ulioivishwa nusunusu kwa watu waliozoea ndizi au ulezi. Mishahara ya maelfu ya waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Vinywa vya watu vikakifanya Kariakoo, na jina hilo likabaki Dar es Salaam kwenye soko, na Nairobi kwenye mtaa.

Sababu ya wingi wao ni hesabu nyepesi. Mpagazi alibeba mzigo wa takriban kilo 25 hadi 30, na alihitaji karibu kilo moja ya chakula kwa siku. Akitembea kilomita 20 kwa siku hadi kikosi kilicho umbali wa kilomita 300, safari ya kwenda ni siku 15 na ya kurudi ni 15. Akiwa amebeba chakula, atakuwa amekila chote mwenyewe, na askari hakupata kitu. Hivyo ilibidi wawepo wapagazi wa kuwalisha wapagazi, na wengine wa kuwalisha hao. Mizinga ya manowari Königsberg, iliyozamishwa Rufiji Julai 1915, ilitolewa majini ikakokotwa bara kwa kamba na mamia ya watu. Mmoja wa mizinga hiyo upo Mombasa hadi leo. Juu ya meza mzinga huo huwa na watu wanne.

Hata jeshi lililosifiwa kwa wepesi halikusalimika na hesabu hiyo. Lettow-Vorbeck alipoweka silaha chini Abercorn, Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba 1918, alikuwa na askari zaidi ya 1,100 kidogo na wapagazi zaidi ya 1,500, na pamoja nao wanawake na watoto waliopika, waliobeba na waliozaa njiani, ambao mwanahistoria Michelle Moyd amewarudishia nafasi yao katika kitabu chake cha mwaka 2014. Kikosi cha vijisanamu 20 vya askari, kikifuata uwiano wa siku hiyo, kingehitaji wapagazi 26 na mlolongo wa familia nyuma yao. Huo ni uwiano wa jeshi lililokonda kuliko yote.

Si haki kumlaumu mpakaji wa Nottingham au Chicago peke yake, kwani waliojenga kwa shaba nyeusi walifanya vivyo hivyo. Kabla ya vita, Wajerumani walisimamisha Dar es Salaam sanamu la Hermann von Wissmann. Wissmann alikuwa juu, na askari Mwafrika alikuwa chini, kitakoni, akimtazama bwana wake. Waingereza waliling'oa, na likaishia Hamburg, ambako wanafunzi waliliangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1927 Dar es Salaam ilipata sanamu jipya, kazi ya James Alexander Stevenson: mara hii askari amepanda juu, bunduki mkononi, peke yake. Na mpagazi? Ametajwa katika maandishi ya kitakoni. Kila dola ilipobadilisha sanamu, mtu mmoja alipanda daraja, na mwingine akashika nafasi yake chini.

Watunzi wa Mrima walikuwa na desturi nyingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi wa vita vya Wadachi vya 1888 hadi 1890, aliwataja watu kwa majina, kwa miji na kwa maneno yao, kwa sababu wasikilizaji wake walikuwa jamaa za waliokufa. Kijisanamu hakina jina. Ndiyo maana idadi yake ina uzito. Pale ambapo jina limepotea, hesabu ndiyo heshima iliyobaki.

Wapo wachezaji walioanza kuilipa heshima hiyo. Wanapaka wapagazi kwa makumi, shuka zao zilizochakaa kwa rangi tatu zilezile wanazompa ofisa, na wanaweka kanuni kwamba kikosi kilichopoteza wapagazi wake hakisogei. Mchezo wa namna hiyo huwa wa polepole, na mara nyingi huisha bila kishindo, kwa kuwa upande mmoja umeishiwa na unga. Meza hujaa watu wasio na bunduki, na mchezaji hulazimika kuwasogeza mmoja mmoja kwa mkono wake mwenyewe.