Philip Ochieng: kalamu ya mgeni katika gazeti la umma

Februari 1970 serikali ya Tanzania ilitaifisha The Standard, gazeti la Kiingereza la Dar es Salaam lililokuwa mali ya kampuni ya Lonrho. Rais Nyerere akashika mwenyewe cheo cha mhariri mkuu, na uendeshaji akamkabidhi Frene Ginwala, mkimbizi kutoka Afrika Kusini. Miongoni mwa wageni waliofanya kazi katika gazeti hilo alikuwamo Mkenya mmoja machachari, Philip Ochieng.

Ochieng alizaliwa Awendo, kusini mwa Nyanza, mwaka 1938. Alipomaliza shule ya sekondari ya Alliance, alikuwa mmoja wa vijana waliosafirishwa kwenda Marekani mwaka 1959 kwa juhudi za mwanasiasa Tom Mboya, akasoma Chuo Kikuu cha Roosevelt mjini Chicago. Mwaka 1966 aliingia gazeti la Nation, Nairobi, kisha akavuka mpaka.

Dar es Salaam alikuta gazeti lililoruhusiwa kuikosoa serikali mradi lisiukane ujamaa. Ruhusa hiyo ilikuwa na kikomo. Mwaka 1971 Ginwala alipoteza kiti chake baada ya tahariri iliyolaani Rais Nimeiry wa Sudan kuwanyonga wakomunisti wa nchi yake. Mwaka 1972 The Standard na The Nationalist, gazeti la chama tawala cha TANU, yakaunganishwa, chini ya uhariri wa Benjamin Mkapa, kuwa Daily News, ambamo Ochieng aliendelea kuandika safu yake.

Safu hiyo ilimtetea mkulima, lakini kwa Kiingereza. Mlima pamba wa Sapiwi, Bariadi, ambayo siku hizo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga, aliipata siasa ya ujamaa kwa Kiswahili: redioni, mikutanoni na katika gazeti la Uhuru. Mabishano makali ya wasomi wa mjini yalimhusu yeye bila kumfikia.

Aliporejea Kenya, Ochieng aliandika pamoja na Joseph Karimi kitabu The Kenyatta Succession, kilichotoka mwaka 1980. Mwishoni mwa muongo huo aliongoza Kenya Times, gazeti la KANU, chama pekee kilichoruhusiwa kisheria. Mwaka 1992 akatoa I Accused the Press, kitabu kinachochanganya kumbukumbu zake na mashtaka dhidi ya tasnia yake. Hoja yake kuu ni kwamba gazeti la mwenye mtaji haliko huru, kwa kuwa anayelipa ndiye anayeamua.

Hoja hiyo ina uzito, maana The Standard lenyewe lilikuwa la Lonrho. Lakini Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kumwonyesha Ochieng upande wa pili: Ginwala hakuondolewa na tajiri, aliondolewa na dola. Kuiona hatari ya mwenye fedha, kisha kwenda kulitumikia gazeti la chama tawala, ndiko kunakofanya urithi wa Ochieng, aliyefariki Aprili 2021, ubishaniwe mpaka leo. Swali lake la nani mwenye gazeti lilikuwa sahihi. Alipaswa kukiuliza chama kwa ukali uleule aliowauliza matajiri.