Ngome ya Chetambe

Ngome ya Chetambe ni mabaki ya boma la udongo lililozungushiwa handaki, juu ya vilima vya Chetambe karibu na mji wa Webuye, Kaunti ya Bungoma, magharibi mwa Kenya. Hapo ndipo Wabukusu na majirani zao Watachoni walipopambana na jeshi la Waingereza mwaka 1895.

Mahali
Vilima hivyo viko kwenye ukingo wa Nandi, juu ya bonde la mto Nzoia. Anayetoka Kitale hupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Anayetoka Bungoma hushika barabara kuu ya kwenda Eldoret.

Ujenzi
Simulizi za wenyeji zinamtaja Chetambe Ifile, Mtachoni, kuwa ndiye aliyeipa ngome jina. Wabukusu waliviita vijiji vya namna hiyo chingoba (umoja: lukoba). Udongo wa handaki ulijengewa ukuta upande wa ndani, hata adui akilivuka shimo akutane na kizuizi cha pili. Malango yalikuwa membamba, na mifugo ililala ndani pamoja na watu. Ulinzi huo ulikusudiwa kuzuia wavamizi wa mikuki na ngao waliofuata ng'ombe.

Vita vya 1895
Baada ya Uganda kutangazwa kuwa nchi lindwa mwaka 1894, eneo hili lilitawaliwa kutoka huko hadi mwaka 1902. Afisa Mwingereza C. W. Hobley alifika Mumias mwaka 1895 kuanzisha utawala. Ugomvi ulizuka juu ya bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu. Kikosi kilichotumwa kuzidai kiliuawa. Waingereza wakajibu kwa msafara mkubwa wa askari wa Kisudani, Waganda, Wamasai na watu wa Mumia, mfalme (Nabongo) wa Wanga.

Ngome nyingine ya Wabukusu, Lumboka, ilianguka kwanza, na waliosalimika wakakimbilia Chetambe. Ukuta uliowashinda wenye mikuki haukuweza kuhimili risasi za bombomu. Watu wengi waliuawa, mifugo ikatekwa, na upinzani wa Wabukusu kwa silaha ukavunjika.

Kumbukumbu
Mwaka 1947 Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwakusanya maelfu ya wafuasi Chetambe kuwaombea waliokufa pale. Dini hiyo ilikuwa na wafuasi pia miongoni mwa vibarua wa mashamba ya walowezi kuzunguka Kitale. Serikali iliipiga marufuku mwaka 1948, na Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Kwa waumini wake, kilima kilikuwa kaburi la mashujaa na hoja ya kudai ardhi.

Mabaki na utunzaji
Mgeni asitarajie kuta za mawe kama za Fort Jesus, Mombasa. Ngome ya udongo hutambuliwa kwa mfereji uliojaa majani na tuta lililoshuka kwa mvua. Ni vyema kuongozwa na mwenyeji anayejua mzunguko wake. Mizizi hushikilia tuta, lakini jembe hulisawazisha kwa misimu michache. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yanahifadhi vifaa vya jamii za eneo hili, ila handaki haliwezi kuhamishiwa kwenye kabati. Hakuna maandishi yaliyoachwa na waliojihami Chetambe. Ushahidi wao ni simulizi za wazee na umbo la ardhi waliyoichimba, na vyote viwili vinastahili kulindwa kabla havijatoweka.