Wanawake wa Tanzania: Kutoka Ngomani hadi Mahakamani

Wanaoandika habari za hadhi ya mwanamke katika nchi yetu aghalabu huanza na sheria, wakahesabu vifungu vyake kana kwamba haki ilishuka kutoka kwa wakubwa hata ikawafikia akina mama majumbani mwao. Walakini historia, ikisomwa kwa insafu, inatoa ushahidi mwingine: akina mama walijipatia sauti na umoja wao kwanza, kisha sheria ikawafuata, mara kwa kasi, mara kwa kusitasita.

Huko Unguja, Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, binti wa mafakiri aliyepata kutembeza vyungu vya kuuza, alivuka bahari mwaka 1928 kwenda Bombay kutia nyimbo zake katika sahani za santuri. Nyimbo hizo zilienea pwani nzima, nazo hazikusifu mahaba tu, bali zilitaja pia dhuluma na madhila ya wanyonge, hata Shaaban Robert akaona ni wajibu wake kumwandikia wasifu.

Huko Tanganyika, chama cha TANU kilipozaliwa mwaka 1954, wengi waliohudhuria mikutano yake walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma mjini Dar es Salaam, alikabidhiwa kazi ya kuwaleta wanawake chamani. Hakuanza kwa hotuba, bali alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma na lelemama, ambavyo tangu zamani vilikuwa na wakubwa wao, sare zao, michango yao na desturi ya kusaidiana katika arusi na misiba. Kiongozi akiisha kuridhika, aliwaita wenziwe, na kadi zikanunuliwa kwa mkupuo. Katika muda wa miezi michache maelfu ya wanawake walikuwa wanachama, ilhali wengi wao hawakupata kukanyaga darasa la shule.

Baada ya uhuru, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilikusanya ndoa za dini, za mila na za kiserikali chini ya paa moja, ikamthibitishia mke haki ya kumiliki mali yake mwenyewe, na ikakataza mume na mke kuadhibiana kwa kipigo. Pamoja na uzuri huo, iliruhusu binti kuozwa akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa atimize 18. Mahakama Kuu iliitangaza tofauti hiyo mwaka 2016 kuwa ni kinyume cha Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaiunga mkono hukumu hiyo mwaka 2019.

Mahakama zilikuwa zimekwisha kuonyesha ujasiri kabla ya hapo. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kupika, kufua na kulea watoto ni mchango katika mali ya ndoa, si wajibu usio na thamani. Mwaka 1990, huko Mwanza, jaji wa Mahakama Kuu alikubali kwamba mama wa Kihaya aliyerithi shamba kwa babaye ana haki ya kuliuza kama mwanamume, ijapokuwa mila ya ukoo ilimkataza. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zikaja kuitia nguvu haki hiyo kote Tanzania Bara, na baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, likatakiwa liwe na wanawake wasiopungua watatu.

Tumeshuhudia mwanamke, Anna Makinda, akiongoza Bunge kuanzia mwaka 2010 hadi 2015, na mwingine, Samia Suluhu Hassan, akiapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021. Hiyo ni fahari ya kweli. Lakini vyeo vya juu havimfai kitu mjane anayefukuzwa shambani na shemeji zake. Kanuni za mirathi za kimila zilizoandikwa mwaka 1963 zilimweka binti katika daraja la tatu, nyuma ya kaka zake wote, na fikra hiyo ingali hai katika vikao vingi vya ukoo.

Alhasili, akina mama wa mwaka 1955 walishinda kwa sababu walianza na vikundi walivyokuwa navyo. Vikundi hivyo havikufa. Vinaitwa vikoba na upatu, navyo vina wakubwa na michango vilevile. Basi na visitosheke na kugawana akiba: vifundishane sheria ya ardhi, vimsindikize mjane barazani, na vihakikishe kwamba viti vile vitatu vya kijiji vinakaliwa na wanawake wanaoijua haki yao na wasioogopa kuitamka.