Muuza Njugu wa Havana Alivyofika Kanduyi

Gari likisimama Kanduyi, hata kabla kondakta hajafungua mlango, njugu zimeshafika dirishani. Zimekaangwa, zimefungwa kwenye vikaratasi, na anayeziuza hataji bei tu, anaiimba. Kitale steji ni vilevile. Mwenye sauti tamu anamaliza mapema; mwenye sauti ya kukwaruza anarudi na njugu zake nyumbani. Ukishazoea, husikii tena.

Kuna mtu Cuba aliyesikia. Moisés Simons alichukua kelele za muuza njugu wa mtaani akazitungia wimbo, "El Manisero", yaani muuza njugu. Mwaka wa 1930, bendi ya Don Azpiazú kutoka Havana iliurekodi New York, mwimbaji akiwa Antonio Machín. Ukavuma dunia nzima. Hapa kwetu, watu wengi wakisikia neno Kihispania wanafikiria telenovela, ama "Despacito" ya 2017 ambayo kila mtu aliimba na karibu hakuna aliyejua anaimba nini. Lakini Kihispania kiliingia masikioni mwa Afrika ya kati na mashariki kitambo, na aliyekiingiza ni muuza njugu.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa 1933, kampuni ya santuri ya Waingereza ilianza kuuza Afrika msururu wa sahani zenye herufi GV. Nyingi zilikuwa muziki wa Cuba uliokwisha kuuzwa kwingine, na "El Manisero" ilikuwa miongoni mwa za kwanza kabisa. Sahani hizo ziliendelea kutoka hadi 1958. Zilifika Léopoldville, Kinshasa ya leo, na Brazzaville ng'ambo ya mto. Vijana wa huko wakaweka sindano, wakasikiliza, na wakahisi kitu kisichokuwa kigeni hata kidogo.

Na hakikuwa kigeni. Utumwa Cuba ulikomeshwa mwaka wa 1886 tu. Kabla ya hapo, kwa karne kadhaa, watu walitolewa Afrika wakapelekwa kule kukata miwa, na wengi wao walitoka eneo la mto Kongo. Waliondoka bila mizigo. Walichobeba ni mapigo, namna ya ngoma kuita na sauti kuitika. Wapo wanaosema hata neno rumba linatokana na nkumba, kitovu kwa Kikongo, kwa sababu ya jinsi wachezaji walivyokutana katikati. Basi Mkongo wa miaka ya 1930 alipopenda santuri ya Havana, alikuwa anapokea barua kutoka kwa ukoo wake, ila imeandikwa kwa lugha ya bwana shamba.

Njugu zenyewe pia zina safari. Asili yake ni Amerika Kusini; Wareno ndio walioleta mmea huo Afrika kwa meli zilezile za biashara, na leo Bungoma na Busia wanaupanda kana kwamba ulikuwepo tangu dunia iumbwe. Na neno maní, ambalo Wacuba huitia njugu, si la Hispania. Ni la Wataíno, wenyeji wa visiwa vile kabla ya Wahispania kufika na kuwamaliza kwa kazi na magonjwa. Hebu fikiria: neno la Wataíno, pigo la Waafrika, sarufi ya Wahispania. Vyote kwenye wimbo mmoja wa kuuza njugu.

Wakongo walijifunzaje hiyo lugha? Kwa sikio tu. Waimbaji wengi wa mwanzo waliimba Kihispania wasichokielewa, wakipanga sauti zinazofanana na zile za santuri, maneno mengine yakiwa hayamo kwenye kamusi yoyote. Mtu wa lugha angecheka. Lakini angalia walikofika. Joseph Kabasele na African Jazz yake wakatoa "Parafifi", jina ambalo bado linanukia Cuba. Kisha mwaka wa 1960, viongozi wa Kongo wakiwa Brussels kujadili uhuru na Wabelgiji, Kabasele na wenzake wakawa hukohuko na "Indépendance Cha Cha". Cha-cha-chá ni dansi ya Cuba. Habari ni ya Kongo. Lugha ni Lingala. Hapo kuiga kulikuwa kumekwisha.

Muziki huo ukaja kwetu. Miaka ya 1970 bendi za Wakongo zilitamba Nairobi: Baba Gaston, Super Mazembe, Les Mangelepa. Na ukipita Bungoma ama Kitale, utagundua hatusemi "muziki wa Kongo". Tunasema Lingala. "Weka Lingala." Lugha nzima imegeuka jina la muziki, na wanaoiitisha hawawezi kuagiza chai kwa Lingala. Mwaka wa 2024 vijana walipompa rais jina la Kasongo, wimbo wa Super Mazembe uliozeeka kuwashinda wengi wao ulirudi kwenye kila simu. Ndipo watu wakaanza kuulizana: kwani huyu Kasongo alifanya nini? Kumbe ni kilio cha mke anayemwomba mume aliyemwacha arudi nyumbani. Wimbo ulitangulia, swali likafuata.

Hapo ndipo ninapotaka walimu wa Kihispania wasikilize. Kila mahali wanatumia nyimbo, na ni vizuri. Wimbo hukaa kichwani kuliko orodha ya vitenzi. Lakini mara nyingi kazi inaishia kwenye karatasi yenye mapengo: sikiliza, jaza neno, piga makofi, tuendelee. Utamaduni unageuka kofia kubwa na densi ya Ijumaa. Mwanafunzi wa Kitale anatoka darasani akiamini amechungulia nyumba ya watu wengine, kumbe ameonyeshwa chumba kimoja cha nyumba iliyojengwa pia na mababu wa bara lake. Hakuna aliyemwambia. Pengine hata hajaambiwa kwamba Kihispania ni lugha rasmi ya nchi ya Kiafrika, Guinea ya Ikweta.

Huko ni kumdhulumu mtoto. Tayari amelelewa na shule ambazo kuongea lugha ya nyumbani kulimvisha kibao shingoni. Amefundishwa kwamba lugha za maana hutoka mbali, na kwamba kujifunza kwa sikio ni ujinga. Ilhali Babukusu, kila Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, bado wanamfundisha kijana historia, heshima na ujasiri kwa nyimbo, kuanzia anapozunguka na njuga kualika watu mpaka alfajiri anapotoka mtoni amepakwa tope. Mtaala mzima, hakuna daftari.

Mimi chuo niliacha njiani, lakini sisemi haya kudharau darasa. Sikio peke yake lina mwisho. Mwaka wa 1964 vijana kumi wa Mali walipelekwa Havana kusomea muziki. Walikuja kuwa Las Maravillas de Mali, na wao Kihispania walikisikia na wakakisoma. Wakongo walionyesha mapenzi yanaweza kufika wapi bila mwalimu. Wamali walionyesha mwalimu anaongeza nini. Tunahitaji vyote viwili.

Kwa hivyo, mwalimu, siku ukifundisha "El Manisero" Kitale, usianze na kamusi. Watume wanafunzi steji wakasikilize wauza njugu, wakariri wanavyoita. Halafu cheza santuri. Wagonge lile pigo la mbao mbili, mapigo matatu kisha mawili, na uwaulize wamelisikia wapi. Watakutajia Franco, watakutajia Mazembe, wengine watakutajia harusi ya shangazi. Sasa fungua ramani, uwaonyeshe meli zilipita wapi na zilibeba nani. Vitenzi vifuate baada ya hapo. Wataviuliza wenyewe, kwa sababu watataka kujua jamaa yao alikuwa akisema nini kule Havana miaka hiyo yote.